Pointi na divisheni za NECTA zinahesabiwaje? Mwongozo kamili kuanzia kidato cha pili mpaka cha sita

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu haitulii, wazazi wa mtaani wananitumia picha za matokeo ya watoto wao wanauliza mwalimu hii ni nzuri au mbaya? Mwaka juzi baba mmoja alikuja mpaka nyumbani usiku, anafurahi kabisa, mtoto wake kapata pointi 26 na wa jirani kapata 18 kwahiyo akajua wa kwake ndo kaongoza. Nilishindwa nianzie wapi kumwambia. Mzee wa watu kahangaika miaka minne, sare, madaftari, mchango wa chakula, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumkalisha chini akamweleza kwamba kwenye pointi za NECTA ndogo ndo nzuri.

Na sio wazazi tu. Nimefundisha hesabu miaka mingi na nakwambia kuna wanafunzi wanaingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne wanaamini divisheni inatokana na wastani, au inatokana na nafasi darasani. Mtu unacheza mechi hujui goli linahesabiwaje, unajipangaje sasa? Kwahiyo leo naandika yote, taratibu, hatua kwa hatua. Chukua daftari na kalamu maana kuna mahesabu tutafanya pamoja.

Kitu kimoja kabla hatujaanza: haya ni ya Tanzania, Baraza la Mitihani. Ukikuta sehemu mtu anaongelea A ni pointi 12, huyo anaongelea KCSE, mtihani wa sekondari wa Kenya, ambako pointi kubwa ndo nzuri. Usichanganye, wengi wanachanganyikiwa hapo.

HATUA YA 1: Jua alama zako zinatoka wapi

Kama unasoma shuleni, yani wewe ni mtahiniwa wa shule, alama yako ya mwisho kwenye kila somo la kidato cha nne haitoki kwenye pepa la Novemba peke yake. Pepa linabeba 70, alafu kuna alama endelevu, wengi tunaita CA, zinabeba 30. Hizo CA zinakusanywa huko nyuma, upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili umo, kazi zako za shule miaka iliyofuata zimo. Kwahiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayesema "huu sio mtihani wenyewe bwana" anakosea mara mbili. Kwanza akifeli anarudia darasa. Pili hata akipita kwa kuungaunga, zile alama ndogo zinamfuata mpaka mwisho.

Tufanye hesabu uone uzito wake. Wanafunzi wawili wamepata 48 kwa 100 kwenye pepa la Jiografia la NECTA. 48 ukiibadilisha iwe kati ya 70 unapata 33.6. Wa kwanza ana CA ya 21 kati ya 30, jumla 54.6, hiyo ni C. Wa pili alikuwa mtoro mtoro, CA yake ni 9, jumla 42.6, hiyo ni D. Pepa lile lile, alama zile zile, gredi tofauti. Na huyo wa pili atakwambia NECTA wamembania.

Cha kufanya hapa ni kwenda kwa mwalimu wa taaluma na kuuliza kumbukumbu zako zikoje. Uliza kwa adabu, ila uliza. Hasa kama ulihama shule. Nilishapokea mwanafunzi aliyehamia kwetu katikati ya kidato cha tatu, alama zake zilibaki alikotoka, mzazi anajua uhamisho ni barua tu basi. Tulihangaika wiki kadhaa kuzifuatilia. Mzazi ukihamisha mtoto usiondoke bila kuhakikisha rekodi zake za mitihani zinakuja nae.

Kama wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea (hawa namba za vituo vyao zinaanza na P, za shule zinaanza na S) hauna CA, pepa ndo kila kitu, 100 yote iko pale.

Alafu kuna praktiko, yani mtihani wa vitendo wa maabara. Fizikia, Kemia na Biolojia zina mapepa mawili, nadharia ina alama 100 na praktiko ina 50. Jumla ni 150, ndo inageuzwa. Theluthi nzima ya somo iko maabara! Mtu anayepata 30 kwenye nadharia akipata 38 kwenye praktiko anakuwa na 68 kwa 150, hiyo ni asilimia 45, ameshagusa C. Sasa nenda kwenye shule nyingi uone praktiko inavyoachwa mpaka Septemba ndo watu wanakumbuka taitresheni (lile zoezi la Kemia la kupima asidi na besi). Inaniuma sana hii maana hizo ndo alama zinazopatikana kwa mazoezi kuliko kitu kingine chochote, mwanafunzi wa kawaida kabisa akifanya taitresheni mara kumi anaielewa. Kama shule yenu haina vifaa vya kutosha, jikusanyeni muombe hata Jumamosi kwenye shule ya jirani, walimu wengi tukiombwa vizuri hatukatai.

Na kwenye hesabu, somo langu. Pepa la Hesabu za kawaida lina sehemu A maswali kumi kila moja alama 6, jumla 60, na sehemu B maswali manne kila moja alama 10, jumla 40. Yani ukichukua maswali matano tu ya sehemu A ukayapiga yote vizuri una 30. Mwanafunzi anayesema "mimi hesabu hapana" huwa namwambia chagua mada tano, tano tu, tuzishike mpaka usizikosee hata ukiamshwa usingizini. Wengi wametoka kwenye F kwa njia hiyo.

HATUA YA 2: Alama inageuka gredi

Kidato cha pili na cha nne mgawanyo ni huu:

A ni 75 mpaka 100
B ni 65 mpaka 74
C ni 45 mpaka 64
D ni 30 mpaka 44
F ni 0 mpaka 29

Angalia vizuri upana wake, watu wanapita haraka hapa. C ni pana, ina alama ishirini ndani yake. B ni nyembamba, kumi tu. Maana yake mtu mwenye 46 na mtu mwenye 63 NECTA wanawaona sawa, wote C. Na mtu mwenye 44 na mwenye 45 wametofautiana alama moja ila mmoja ana krediti (yani C kwenda juu) na mwingine hana. Hapo kwenye 44 na 45 ndo maisha ya watu wengi yanapogeukia, tutaona mbele.

Kama una kaka au dada aliyemaliza zamani akakwambia mgawanyo mwingine, hadanganyi. Mambo yalibadilika badilika sana. Matokeo ya mwaka 2012 yalikuwa mabaya mpaka serikali ikaunda tume na yakafutwa yakapangwa upya 2013, mwaka huo huo ukaja mfumo wenye B+ na E, baadae matokeo ya 2014 yakatoka kwa GPA na maneno kama Distinction na Merit, watu wakalalamika hawaelewi, na Januari 2016 waziri wa elimu akaagiza turudi kwenye divisheni. Kwahiyo cheti cha 2014 na cha leo haviwezi kulinganishwa kwa macho tu.

HATUA YA 3: Gredi inageuka pointi, na zinachukuliwa saba bora

A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kadiri pointi zinavyopungua ndo unavyokuwa juu, kama mbio, wa kwanza ndo mwenye namba ndogo.

Sasa hapa sikiliza. NECTA hawajumlishi masomo yako yote. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, wanajumlisha pointi zake, basi. Ukifanya masomo tisa, mawili mabaya kuliko yote yanawekwa pembeni kwenye hesabu ya divisheni (kwenye cheti yataonekana ila hayaongezi pointi). Ndo maana mtu akipata A saba anakuwa na 7, wani ya saba, hata kama somo la nane alipata C.

HATUA YA 4: Pointi zinageuka divisheni

7 mpaka 17 ni Divisheni I
18 mpaka 21 ni Divisheni II
22 mpaka 25 ni Divisheni III
26 mpaka 33 ni Divisheni IV
34 na 35 ni ziro

Kwanini 33 ndo mwisho wa IV? Hesabu mwenyewe. Mtu mwenye D mbili na F tano ana 4+4+25, hiyo 33. Mwenye C moja na F sita ana 3+30, nayo 33. Kwahiyo ukiwa na C moja au D mbili umeshaepuka ziro. Mwenye D moja tu ana 34, amebaki nje. Naandika hili kwa ajili ya yule mwanafunzi aliyekata tamaa kabisa, umebaki na miezi mitatu, hujui kitu: chagua masomo mawili, matatu. Usikubali kuandikwa ziro kwa kukosa D ya pili.

HATUA YA 5: Jitengenezee hesabu yako mwenyewe

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo sababu ya kuandika yote haya. Chukua matokeo yako ya mock, yani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa NECTA, andika alama kamili, sio gredi. Tuchukue mwanafunzi wa mfano ana masomo tisa:

Kiswahili 66, B, pointi 2
Uraia 52, C, pointi 3
Historia 49, C, pointi 3
Kiingereza 47, C, pointi 3
Jiografia 42, D, pointi 4
Kemia 43, D, pointi 4
Biolojia 36, D, pointi 4
Hesabu 21, F, pointi 5
Fizikia 18, F, pointi 5

Saba bora ni zile za juu, jumla 2+3+3+3+4+4+4 inakuwa 23. Divisheni III.

Anataka II, yani 21. Anahitaji kushusha pointi mbili. Zitatoka wapi? Mwanafunzi asiyejua hesabu hii atakwenda kukazana na Kiswahili kwasababu anakipenda na anakielewa, atakipandisha kutoka 66 mpaka 73, kazi kubwa sana, na pointi zake zitabaki 23 vile vile kwasababu 73 bado ni B. Lakini angalia Jiografia, inataka alama 3 tu iwe C. Kemia inataka alama 2. Alama tano kwa ujumla na anaingia Divisheni II! Tano! Hizo ni alama za kujua kusoma ramani vizuri na kufanya taitresheni mara kadhaa zaidi.

Na Fizikia je? Akitoka 18 mpaka 30 anapata D, pointi 4, ila kwenye saba bora tayari ana D tatu, kwahiyo D nyingine haibadilishi jumla. Hapa kuwa makini lakini, sisemi aachane nayo. Nasema kwa ajili ya divisheni haisaidii, kwa ajili ya mambo mengine kama kozi za afya inasaidia sana, na tutafika huko.

Pia angalia walio karibu na ukingo upande wa pili. Kiingereza 47 na Historia 49 ni C zinazoning'inia, akilegea kidogo zinaanguka D na ile faida yote imekwisha. Kwahiyo mpango wake unakuwa: Jiografia na Kemia pandisha, Kiingereza na Historia linda, Hesabu chukua zile mada tano, Kiswahili endelea kawaida.

Fanya hivi kila baada ya mtihani wa shule. Weka kalamu nyekundu kwa masomo yaliyobakiza alama chini ya tano kupanda gredi, na kwa yale yaliyo juu ya ukingo kwa chini ya tano. Hayo ndo masomo yako. Mzazi na wewe unaweza, haihitaji kujua Kemia, inahitaji kujumlisha tu. Ukae na mwanao jioni mpange, na acha kumuuliza amekuwa wa ngapi darasani, wa tano kati ya sitini kwenye darasa ambalo wote wana F bado ni F.

HATUA YA 6: Kusoma matokeo yakitoka

Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida yanatoka Januari, yanawekwa kwenye tovuti ya NECTA kwa shule. Tafuta shule yako, kisha namba yako ya mtihani. Utaona safu iliyoandikwa AGGT, hiyo ndo jumla ya pointi, pembeni yake DIV, kisha masomo yamefupishwa: CIV ni Uraia, HIST, GEO, KISW, ENGL, BIO, B/MATH na kuendelea. Ukiona ABS maana yake hakufanya mtihani, INC maana yake matokeo hayajakamilika, kuna pepa linakosekana, wahi shuleni.

Alama zenyewe hutaziona, wanatoa gredi tu. Hutajua kama ile D ilikuwa 31 au 44.

Chini kabisa kuna GPA ya shule, nayo ni kama pointi, iko kati ya 1 na 5 na ndogo ndo nzuri. Mzazi anayetafuta shule aangalie hiyo, na aangalie pia ni wanafunzi wangapi walifanya mtihani. Zile orodha za shule kumi bora kitaifa NECTA waliacha kuzitangaza tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023, kwahiyo ukiletewa "kumi bora" kwenye WhatsApp ujue watu wamejitengenezea.

HATUA YA 7: Divisheni sio mlango, angalia gredi zenyewe

Hapa ndo watu wanaumia kwa kutokujua. Ili uchaguliwe kidato cha tano serikalini unatakiwa uwe na krediti tatu, yani A, B au C kwenye masomo matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Pointi zako za masomo saba zisizidi 25. Na kwenye kombi unayoitaka, yani masomo matatu utakayosoma kidato cha tano na sita, yale masomo matatu jumla yake isizidi pointi 10 na kusiwe na F hata moja. Kwahiyo C, C na D inaingia, 3+3+4 ni 10. C, D, D ni 11, haiingii.

Yule mwanafunzi wetu akifika II ya 21 atafurahi, ila hawezi kwenda PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) kwasababu ana F ya Fizikia. HGL? Historia C, Jiografia C, na Kiingereza C, jumla 9, anaingia vizuri. Unaona sasa kwanini tulisema Kiingereza ilindwe. Panga kombi kwanza alafu ndo upange masomo ya kukazania, usisubiri matokeo ndo uanze kujiuliza unataka kuwa nani.

Na kwa waliopata IV msikae kimya nyumbani. Kozi nyingi za astashahada zinataka ufaulu wa D nne, dini haimo. Sasa tazama hii. Mtu mwenye D nne na F tatu ana 16+15, ni 31. Mtu mwenye C mbili na F tano ana 6+25, nae ni 31. Wote IV ya 31, wa kwanza ana masomo manne ya kufaulu anaomba chuo, wa pili ana mawili tu, hawezi. Namba ile ile, milango tofauti. Na kwa kozi za afya wanaangalia Kemia, Biolojia na Fizikia, ndo pale nilipokwambia usiitupe Fizikia.

HATUA YA 8: Kidato cha sita, sheria zinabadilika

Ukifika A-level usije na akili ya O-level. Mgawanyo ni mgumu zaidi:

A ni 80 mpaka 100, pointi 1
B ni 70 mpaka 79, pointi 2
C ni 60 mpaka 69, pointi 3
D ni 50 mpaka 59, pointi 4
E ni 40 mpaka 49, pointi 5
S ni 35 mpaka 39, pointi 6
F ni 0 mpaka 34, pointi 7

Ile 45 iliyokupa C sasa inakupa E. Wanafunzi wangu wengi wanalia muhula wa kwanza wa kidato cha tano kwasababu hiyo, nawaambia tulieni, ngazi imepanda tu.

Zinahesabiwa pointi za masomo matatu ya kombi. 3 mpaka 9 ni I, 10 mpaka 12 ni II, 13 mpaka 17 ni III, 18 na 19 ni IV, 20 na 21 ni ziro. General Studies unafanya ila haimo kwenye hizo pointi. Mtihani ni Mei, matokeo kwa kawaida Julai.

HATUA YA 9: Chuo kikuu wanahesabu kinyume

Naomba usome hii mara mbili. TCU, wanaosimamia vyuo vikuu, hawatumii pointi za NECTA. Wao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kubwa ndo nzuri. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni ufaulu wa masomo mawili makuu, yani kuanzia E kwenda juu, na jumla yake isipungue 4, kwenye masomo yanayohusika na kozi hiyo. S sio ufaulu mkuu.

Sasa weka watu watatu mezani, wote wana Divisheni III:

Wa kwanza ana D, E, E. NECTA ni 4+5+5, jumla 14. Kwa TCU masomo yake mawili bora ni 2+1, jumla 3. Hafiki.
Wa pili ana D, D, F. NECTA ni 15. TCU ni 2+2, jumla 4. Anafika.
Wa tatu ana B, S, F. NECTA nae 15. Ana ufaulu mkuu mmoja tu. Hafiki.

Yani mwenye 14 anabaki na mwenye 15 anaenda chuo. Nilimshuhudia kijana wa namna ya huyo wa kwanza, nyumbani walishafanya sherehe, wamepika, ndugu wametoka mkoani, kumbe akiomba vyuo mfumo unamkataa kila mahali na hakuna anayejua kwanini. Kama angejua mapema angekazana na masomo mawili yafike D kuliko kutawanya nguvu kwenye matatu.

Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kozi nyingine zinataka zaidi. Udaktari kwa mfano wanataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu ziwe na D au zaidi, jumla pointi 6. TCU wanatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka bure kwenye tovuti yao, kimeandika kila kozi ya kila chuo. Kisome ukiwa kidato cha tano, na kama ulimaliza 2014 au 2015 utaona mna sehemu yenu kwasababu ya ule mfumo wa gredi zenye B+.

HATUA YA 10: Kama matokeo hayajakaa sawa

Ukiamini kabisa kuna kosa kwenye somo fulani, rufaa ipo. Muda wake ni mfupi na kuna ada kwa kila somo, nenda kwa mkuu wa shule wiki ile ile, usisubiri hasira zipoe. Kabla ya kulipa kaa na alama zako za mock, kama somo ulikuwa unapata 70 na limekuja F kuna sababu ya kuuliza, kama ulikuwa unacheza kwenye 40 na imekuja D hiyo hela inunulie vitabu.

Kurisiti, yani kurudia mtihani, ni njia halali na wala sio aibu. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kumbuka hauna CA tena, pepa lina 100 zako zote. Usirudie masomo saba kama tatizo ni mawili. Rudi hatua ya 7, angalia ni krediti ipi inakosekana, rudia hiyo.

Na kwa walioingia kwenye sifa za kidato cha tano: kombi ulizojaza ukiwa shuleni kwenye selform zinaweza kubadilishwa matokeo yakishatoka, kuna dirisha linafunguliwa kwenye mfumo wa TAMISEMI. Ingia na namba yako ya mtihani, jumlisha pointi za kila kombi kwenye karatasi kwanza, ile isiyozidi 10 na unayoitaka ndo uiweke juu, kisha hakikisha umehifadhi kabla hujatoka, maana kila mwaka kuna watoto wanabadilisha, wanafunga simu, wanakuja kushangaa wamepangiwa ile ile ya zamani.